Waliombonyezea Dada Yangu

Dada yangu alipofiwa na mume, alibaki na fremu ya duka la mchele pale Makanyagio, mjini Mpanda, na jina zuri kwa ndugu zetu wa kijijini Majimoto. Ndugu hao walimpa mpunga kwa mali kauli: anachukua, anakoboa, anauza, ndipo anawatumia chao. Hakukuwa na karatasi wala shahidi. Walimwamini kwa sababu ni mtoto wao, na nilijua kwamba siku wakiacha kumwamini fremu inafungwa, yeye na wanawe wanahamia kwangu, ambako sisi wenyewe tulikuwa tunabanana.

Shida ilikuwa wateja. Mpanda kila mtu ana shangazi anayelima mpunga, nani atanunua? Nikamshauri tutangaze mtandaoni. Unaweka picha, unaandika maneno, halafu unakatwa hela kila mtu anapobonyeza tangazo lako. Asipobonyeza mtu, hukatwi. Nikamwambia dada kwamba hapo hatuwezi kupunjwa. Nilijiona mjanja sana.

Hela tuliyotenga kwa siku nzima ikawa inaisha kabla hatujamaliza chai ya asubuhi. Wabonyezaji kibao, mnunuzi hakuna. Nilibadilisha picha, nikabadilisha maneno, nikamgombeza dada kwamba anawajibu wateja kama anawadai. Aliendelea kupepeta mchele wake. Mwishowe nikafungua sehemu inayoonyesha wabonyezaji wanatoka wapi. Karibu wote walikuwa wa kwetu, Majimoto. Nikasoma ujumbe waliotuma: "Shikamoo shangazi, tumekuona." "Mwanangu, leo nimeshakubonyezea, umeamkaje?"

Kumbe dada aliwaambia kwamba biashara yake imetokea kwenye simu, nao wakaichukulia kama msiba au harusi: mwenzako ana jambo, unajitokeza. Baba mdogo alikuwa akiwakumbusha watu kwenye jumuiya, wakishamaliza kusali, kwamba asiyembonyezea mtoto wetu hana undugu. Wasio na simu waliazima za jirani.

Nilipandwa na hasira. Ningecheka, mambo yangekuwa mengine, lakini nilikuwa nimechoka kuona hela ya mjane inateketea. Nikampigia baba mdogo.

"Shikamoo baba. Waambie watu waache kubonyeza. Kila wakibonyeza, dada anakatwa hela."

"Kwa hiyo salamu zetu ni hasara?"

"Siyo hivyo, baba. Ila nyie siyo wanunuzi."

"Sisi siyo wanunuzi," alirudia taratibu. "Haya mwanangu. Tumesikia."

Siku hiyohiyo nikauondoa mkoa wetu wote wa Katavi kwenye tangazo. Nikabakiza Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam. Nikaandika wazi kwamba tunauza kwa magunia, ili anayetaka kilo mbili asijisumbue kubonyeza, na nikaliweka lionekane saa za kazi tu, dada akiwa macho kuwajibu. Hela ya siku ikaanza kudumu hadi jioni. Mwenye duka wa Mwanza akauliza bei, akaagiza. Mwenye hoteli wa Dodoma akaagiza. Dada alicheka hadi akajifuta machozi kwa upande wa khanga, na mimi nilikuwa sijamwona akicheka tangu mazishi. Mchele uliokuwa stoo ukaisha wote.

Akapiga simu Majimoto kuomba mzigo mwingine. Baba mdogo alimpokea vizuri, akamuuliza habari za watoto, akauliza kama mvua imefika huko mjini. Kisha akamwambia kwamba mpunga umeshachukuliwa. Amekuja mfanyabiashara na lori, analipa taslimu.

"Yule ni mnunuzi," akasema.

Dada alizunguka kwa ndugu wengine, mmoja baada ya mwingine. Wote walimsalimia vizuri, na wote jibu lao lilikuwa moja. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana, angejua pa kuanzia kuomba msamaha, ingawa kosa halikuwa lake. Mimi nilipopiga, baba mdogo hakupokea.

Niliwajibu wateja kwamba mchele umeisha, nikalizima tangazo. Mwisho wa mwezi dada alirudisha ufunguo kwa mwenye fremu, akahamia kwangu na watoto, magodoro yao yamefungwa nyuma ya bodaboda. Simu yake iliendelea kuita siku nyingi. Kila ikiita alikimbilia kuitazama, akaona ni namba ngeni, akairudisha mezani. Kutoka Majimoto hakupiga mtu.