Aliyemtoa Mwalimu wa Hesabu Majini

Siku tuliyokwenda ziwani sikukanyaga maji mpaka saa tisa alasiri, na nilipoyakanyaga nilikuwa nakimbia huku nalia. Nimesimuliwa habari za siku hiyo mara nyingi na watu ambao hawakuwepo. Wengi wanaisimulia vibaya, na kila nikiwasikia moyo unanichemka kama jana.

Ilikuwa miaka ya katikati ya sabini. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nikapangiwa shule ya msingi karibu na Malaba. Tulikuwa walimu kumi na mmoja, na wanawake tulikuwa wawili tu: mimi, na mama mmoja wa makamo aliyefundisha darasa la kwanza. Yeye alikuwa Msamia, mzaliwa wa kule kule ziwani, aliyeolewa huku kwetu Teso. Mimi ni wa Chakol, mtoto wa wakulima wa pamba na mtama. Maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya mto wetu ukifurika.

Mwisho wa muhula wa pili hedimasta akatutangazia kwamba Jumamosi tungekwenda Sio Port, walimu wote, kupumzika na kuogelea. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikata gauni langu kuukuu, nikashona kaptura ya kuogelea kwa mkono, nikaificha chini kabisa ndani ya mkoba kama kitu cha wizi. Yule mama nilipomwonyesha alicheka mpaka akafuta macho. "Nitakufundisha kuelea," akaniambia. "Ni kazi ya nusu saa. Mtu akiacha kuogopa, maji yenyewe yanambeba."

Tulisafiri kwa lori la mzazi mmoja aliyekuwa akibeba pamba. Wanaume walikaa kwenye mabenchi. Sisi wawili tulikaa sakafuni kati ya sufuria, magunia ya makaa na unga, kwa sababu hedimasta alisema vyombo vinahitaji mtu wa kuvishika. Nilidhani ni kwa safari tu. Tulipofika, kabla sijanyoosha miguu, alinikabidhi kisu.

"Madamu, nyinyi ndio mnajua mambo ya chumvi," alisema. "Sisi tukipika tutawaua hawa."

Wenzake wakacheka. Wakavua viatu, wakakunja suruali, wakaondoka.

Ufuo wenyewe ulikuwa umechangamka kama siku ya soko. Mchanga ulikuwa mweupe, wenye moto, na wanawake walikuwa wameanika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu mpaka karibu na maji. Watoto walikuwa wanaruka kutoka kwenye mitumbwi. Wafanyabiashara waliovuka kutoka Uganda walikuwa wamepanga mikungu ya ndizi na vikapu vya kahawa ambayo hakuna aliyeuliza imepitia wapi. Redio ilikuwa inapiga rumba kwenye kibanda cha soda. Wasichana wa sekondari fulani, waliokuja na masista wao, walikuwa wameshikana mikono ndani ya maji wakipiga kelele kila wimbi likija. Niliwatazama wale wasichana kwa muda mrefu huku nikipara magamba ya samaki wa ngege.

Tulipara samaki tangu saa nne. Tukawasha moto, tukachota maji, tukasonga ugali kwenye sufuria kubwa ambayo ilihitaji watu wawili kuishika. Moshi ulitufuata kila tulipohama. Nikamwambia yule mama, "Twende tuoge kidogo, tutarudi." Akaangalia kule wanaume walikokuwa, akasema, "Wakija wakute chakula hakipo, tutaimbiwa mwaka mzima. Wale kwanza, matumbo yao yanyamaze. Halafu tutaenda."

Wanaume wakala, wakanywa bia, wakarudi majini. Tukaanza kuosha vyombo.

Hapo akapita mpiga picha mmoja wa mjini Busia, mwenye kamera ya kuning'iniza shingoni. Hedimasta akamwita apige picha ya walimu. Nikafuta mikono kwenye leso, nikaanza kusogea. Hedimasta akanyoosha mkono.

"Madamu, toeni hizo sufuria hapo nyuma, zinaharibu picha. Na nyinyi simameni kule kidogo."

Tukasimama kule kidogo. Nilikuwa na masizi mpaka kwenye paji la uso, na sufuria kila mkono. Wanaume tisa wakapigwa picha ya walimu wa shule yetu.

Baada ya picha wakaingia tena majini, safari hii upande wa kushoto, karibu na mto unapomwagika ziwani. Yule mama alipoona wanakoelekea aliacha kuosha, akawafuata mpaka ukingoni.

"Walimu, msipite pale maji yanapobadilika rangi," aliwaambia. "Mto unaingia pale. Chini kumekatika ghafla, na mkondo una nguvu."

Mwalimu wa hesabu ndiye aliyejibu. Alikuwa kijana wa rika langu. Tulipanga vyumba jirani nyuma ya gesti moja pale Malaba, na jioni nyingi tulisahihisha madaftari pamoja tukisikia malori yakinguruma kwenye foleni ya mpakani. Nilimhesabu kuwa rafiki. "Mama," alisema, "rudi kwa samaki. Maji tuachie sisi." Wengine wakampigia makofi.

Mama aligeuka. Alirudi, akachutama, akaendelea kusugua sufuria kwa mchanga, lakini niliona hakuacha kutazama kule.

Haikupita robo saa. Nilisikia mmoja wao akiita jina la mwalimu wa hesabu, mara ya pili kwa sauti nyembamba isiyokuwa ya mwanaume mzima. Kichwa cha yule aliyeitwa kilikuwa mbali, kinaonekana na kupotea. Wenzake wote walikuwa wamesimama maji ya kiuno, na hakuna aliyesogea. Hedimasta alikuwa anapaza sauti, "Mtu amsaidie, mtu amsaidie," kana kwamba yeye si mtu.

Yule mama alikuwa ameshapita mbio. Alinyakua kasia kutoka kwenye mtumbwi uliokuwa umevutwa mchangani, akafunga gauni kiunoni kwa leso, akaingia. Mimi nikamfuata nikilia, nikasimama maji yaliponifika kifuani kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Aliogelea kwa ubavu huku akisukuma kasia mbele yake. Hakumwendea moja kwa moja. Alikwenda na mkondo, akamzunguka. Alipomkaribia hakumpa mkono, alimpa kasia.

"Shika mti," nilimsikia vizuri kabisa. "Usinishike mimi. Shika mti, mwanangu, piga miguu."

Naye alisema, nilimsikia pia, "Mama, usiniache."

Alimvuta polepole, kwa mshazari, mpaka pale miguu inapogusa chini. Wanawake wa omena walikuwa wameacha kazi, wamesimama wote. Mwanamke mmoja wa Uganda aliyeuza ndizi alikuwa anarudia tu, "Bambi, bambi," kwa huruma. Mama alipofika maji ya magoti alimwachia kasia, akainama, akatapika maji. Ndipo hedimasta alipokwenda akamshika mwalimu wa hesabu kwapani, akampandisha zile hatua chache za mwisho. Na ndipo yule mpiga picha alipobonyeza kamera.

Njiani kurudi hakuna aliyeimba. Mwalimu wa hesabu alilala kwenye benchi, amefunikwa koti la hedimasta. Yule mama alikaa sakafuni na gauni lake lililolowa, ameshika sufuria zisigongane. Hakuna mtu aliyemwambia asante.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa tulikuta picha mbili ukutani ofisini. Moja ilikuwa ya wale wanaume tisa. Nyingine ilimwonyesha hedimasta, maji yanamtiririka, uso wake una huzuni na ushujaa, anamwinua kijana aliyelegea. Pembeni kabisa, ukiangalia sana, kulikuwa na kipande cha leso. Wageni waliokuja walisimuliwa. Kila mara hadithi iliongezeka: mara hedimasta alipiga mbizi, mara alivua saa na kumkabidhi mtu kabla ya kuruka.

Nilimwendea mwalimu wa hesabu chumbani kwake. "Unasikia yanayosemwa?" Akasema, "Wacha mzee afurahi. Inakuuma wapi wewe?"

Siku ya wazazi, afisa wa elimu akiwa mezani mbele, hedimasta aliisimulia tena, safari hii kwa kipaza sauti. Alisema mwalimu mkuu ni mchungaji, hawezi kumwacha kondoo wake azame. Wazazi wakapiga makofi. Yule mama alikuwa ameketi na watoto wa darasa la kwanza, anawanyamazisha.

Sikupanga. Nilijikuta nimesimama.

"Si kweli," nilisema. "Aliyemtoa ni yule mama pale. Hedimasta alikuwa amesimama maji ya kiuno, na mimi nilikuwepo."

Hedimasta akatabasamu, akasema, "Madamu ana homa."

"Mwalimu mwenyewe yupo," nikasema. "Aseme nani alimtoa. Aseme kule majini alimwita nani mama."

Wote wakamgeukia. Mwalimu wa hesabu akasimama nusu, akaangalia viatu vyake. "Mimi nilikuwa nimezirai," alisema. "Sikuona kitu." Akakaa.

Mimi nimekasirishwa na mambo mengi maishani, lakini sijui kama yapo yaliyoniingia kama hayo maneno mawili. Sikuona kitu. Mtu aliyesema usiniache.

Wiki mbili baadaye nilipata barua ya uhamisho. Nilipelekwa shule moja ndani kabisa, zaidi ya Kocholia, ambako mvua ikinyesha njia ilikatika. Jioni kabla sijaondoka yule mama alikuja kunisaidia kufunga mizigo. Nilitaka anipongeze. Hakunipongeza.

"Ulisema ukweli," aliniambia, "lakini hukuniuliza kama nataka usemwe. Sasa wewe unaenda, mimi nabaki na hedimasta kila asubuhi."

"Kwani wewe huna hasira?"

Alikunja blanketi langu mara mbili kabla ya kujibu. "Ninayo. Nilikuwa nayo nilipokuwa namvuta yule kijana. Nilitaka kumwachia kasia, nikakumbuka ana mama yake. Hiyo usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu mpaka leo, na leo hayupo tena wa kunilaumu. Alistaafu mapema, akarudi kwao ziwani, wakamzika huko. Kwenye mazishi hakuna mwalimu wa shule yetu ya zamani aliyefika isipokuwa mimi.

Mwalimu wa hesabu nilikutana naye miaka kadhaa baadaye pale Malaba, kwenye foleni ya malori. Alikuwa ameacha ualimu, anafanya kazi ya kuwatolea wenye mizigo karatasi za forodha. Alikuwa amenenepa, mwenye kucheka haraka. Alinisalimia kama ndugu, akataka kuninunulia chai.

Nikamwambia kwanza anijibu jambo moja. Alijua ni lipi, kicheko kikaisha.

"Ulitaka niseme nini?" aliuliza. "Niseme mbele ya wazazi kwamba nimeokolewa na mama mpishi? Ningefundisha nani tena?"

"Hakuwa mpishi," nikamwambia. "Alikuwa mwalimu kama wewe. Nyinyi ndio mliomfanya mpishi, siku moja."

Alisema basi yaishe, ni mambo ya zamani, tuingie ndani jua ni kali. Nilimwacha amesimama kati ya malori mawili, mkono wake bado umenyooshwa kuelekea mlango wa hoteli. Nilinunua mkate wa watoto wangu, nikaenda zangu, na chenji nikaisahau dukani.