Kreme ya Chokoleti mu Frigo ya Samaki

Sipendi kreme ya chokoleti, ile watu wa inchi zingine wanaita aiskrimu. Wajukuu wangu wanaila mbele yangu, inawashuka ku kidevu, mimi ninageuza uso. Wananiuliza, "Koko, kwa nini?" Ninawaambia ni meno. Uongo. Meno yangu iko nzuri.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya Kongo. Muji wetu Bukavu ilikuwa mu mikono ya waasi, na kila barabara ya maana ilikuwa na kizuizi. Mimi nilikuwa ninauzisha samaki. Bwana yangu alikufa mapema, akaniachia binti mumoja na ndobo mbili za kubebea samaki. Kwa zile ndobo nilijenga nyumba ya matofali, nikasomesha mutoto, mimi niliyeacha masomo mwaka wa tatu, na nikanunua frigo kubwa ya kugandisha, ile inafungukia juu, ndefu kama sanduku ya maiti. Hakuna mwanamuke mwingine mu kartiye yetu aliyekuwa nayo. Siku mutumbwi wa Kalehe ulikubaliwa kupita, nilikuwa ninajaza sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, mupaka juu, maana sikujua utapita tena lini.

Ku kizuizi cha bandari kulikuwa askari mumoja. Alikuwa anaingiza kidole mu kila ndobo, kidole yenye weusi chini ya ukucha, anageuza samaki, kisha anachota kwa kofia yake. Kofia ya kichwa! Akifika kwake anaimwaga, kesho ameivaa tena. Mimi nilikuwa ninasema, "Merci, chef." Hata leo nikikumbuka ile kofia, mate ya kichefuchefu inanijaa mu kinywa.

Binti yangu akawa sekretere mu ofisi ya kanisa. Huko akapatana na kijana wa Nguba, kartiye ya watu wakubwa, mutoto wa watu wa vitabu. Mama ya kijana alikuwa anafundisha ku université na alisomea Ulaya. Mu ile nyumba kulikuwa pia babu ya kijana, baba ya marehemu bwana ya yule mama, muzee wa milima ya Kalehe. Kijiji yake ilipochomwa, aliteremuka kwa miguu na ng'ombe kumi na mbili. Ku kila kizuizi askari walichukua moja. Alifika Nguba na moja. Akaifunga mu bustani ya maua ya yule mama wa université, ikakula maua yote, na hakuna mutu aliyethubutu kusema neno.

Tulipatana waje kwetu siku ya Mungu, misa ikiisha, kujitambulisha. Siku mbili mbele ya ile siku, kijana akafika na bidon ya maziwa. Babu yake ametuma. Kwa watu wa ng'ombe ile haiko zawadi ndogo. Ng'ombe moja, nyumba nzima inaitegemea, na muzee anakamua anatuma kwetu. Maana yake: binti yenu tumemupenda.

Binti yangu akaangalia ile maziwa, akasema, "Maman, nitatengeneza kreme ya chokoleti."

"Ya nini?"

"Mama yake anaipenda. Tangu vita ianze hajaiona."

"Mimi tangu vita ianze sijaona amani. Nani ananitengenezea?"

"Maman, unajua wanasema nini kule Nguba? Mutoto wa muuza samaki. Acha waone."

Hapo alinishika. Nikamupa pesa ya kakao.

Kopo ya kakao ilipita mupaka wa Ruzizi ndani ya nguo za mwanamuke mumoja, na wapi ndani ya nguo sitasema. Ilikuwa bado na joto yake. Binti yangu alijifunza ile kazi kwa masista ku shule. Alichemusha maziwa. Akapiga viini vya mayai na sukari mupaka ikafifia rangi. Akamwanga maziwa juu, pole pole, anakoroga, akarudisha sufuria ku makala, moto mudogo, isichemuke tena, ikichemuka mayai inakatikakatika. Kisha akatia kakao. Nilichungulia. Rangi ya matope ya Ruzizi wakati wa mvua, na juu yake ngozi inajikunja kama ngozi ya muzee.

"Hii njo watu wanapandia ndege kwenda kujifunza?" nikamuuliza. "Mutoto akitapika hivi mu kitanda tunafua. Hatugandishe."

Alicheka, kisha uso wake ukawa muzito. "Maman, tutoe samaki mu frigo. Tuisugue na limau, ikae wazi siku moja."

"Samaki niweke wapi? Ku kichwa yako?"

"Kreme itachukua harufu."

"Harufu gani? Frigo yangu iko safi kupita kinywa ya wale wakwe zako."

Sikutoa hata sambaza moja. Na kreme haiko kitu unaweka unasahau. Kila nusu saa unaitoa, unaipiga na kijiko ya mbao, ama inageuka mawe. Kwa hiyo hakufunga bakuli na kifuniko. Aliifunika na kitambaa, akaiweka juu ya samaki, anatoa, anapiga, anarudisha. Siku ya posho, kesho yake ni siku ya Mungu, saa sita muchana, umeme ikakatika. Ikarudi alfajiri ya siku ya Mungu. Nilipofungua, samaki ilikuwa imetoa jasho, kitambaa kimeloa na maji ya kijivu. Nikakitoa, nikaweka kingine, nikafunga. Mutoto sikumuambia.

Mbele twende misa kreme ilikuwa imekaza tena. Akaonja. Akasimama na kijiko mu kinywa.

"Maman, iko na kitu."

"Kakao njo iko hivyo."

"Kakao haiko hivyo. Tukate nanasi tu. Nanasi inatosha."

Nikaonja mimi. Baridi, sukari, uchungu kidogo nyuma. Samaki sikusikia hata kidogo, ninaapa mbele ya Mungu. Na tena nilikuwa nimekwisha kusema ku soko, kwa wanawake wote wa meza yangu, kwamba wakwe zangu watakula kreme kwangu. Nanasi kila mutu anakata.

"Itakwenda ku meza," nikasema. "Umekula kakao wapi weye, mupaka unifundishe?"

Wakafika. Muzee na fimbo yake, mama ya kijana na kijana mwenyewe. Upande wetu kaka yangu alisema kwa niaba ya bwana yangu. Walikula wali, nyama, sombe ya majani ya muhogo. Maneno ilikwenda vizuri. Kisha binti yangu akaleta kreme mu sahani ndogo. Yule mama wa université akapiga kelele kama mutoto, "Hapana! Chokoleti? Hapa Bukavu? Na hii vita?" Nilijinyoosha ku kiti yangu. Kaka yangu alimaliza yake mara moja, akalamba sahani. Lakini kaka yangu anakula hata kitu imeanguka.

Muzee akauliza, "Hii ni kitu gani?"

"Maziwa, papa," nikasema. "Ile yenu muliyotutumia. Tumeiheshimu."

Akatia kijiko mu kinywa. Akafunga macho. Kisha akaweka kiganja chini ya midomo, akaitoa, akabaki ameishika pale mu mukono, ile tope, inayeyuka, inapita kati ya vidole. Hakuitupa. Nilikuwa na haya kuliko kama angetema chini.

"Maziwa yangu," akasema, "imelala na samaki."

Yule mama wa université alikuwa ameweka kijiko yake chini zamani, niliona sasa. Yake ilikuwa nzima, ameonja mara moja tu kwa adabu.

"Papa," akamuambia mukwe wake, "haina neno. Ile mambo ya ng'ombe na samaki ni ya zamani."

"Ng'ombe yangu iko ya zamani? Iko kwako nyuma ya nyumba, inakula maua. Maziwa na samaki haikutane mu chombo moja. Ikikutana, titi inakauka. Nilikuwa na kumi na mbili. Niko na moja. Leo munakausha na hii?"

Nikasimama. Nikasema frigo yangu ninaisafisha mimi mwenyewe, na nyumba yangu haijapata kulisha mugeni uchafu, na kama kuna harufu ni yao wameleta na ng'ombe. Nilikuwa ninasema kwa nguvu. Kaka yangu ananivuta kitenge, ninamupiga mukono.

Binti yangu akainua kichwa. "Maman, inanuka. Nilikuambia asubuhi."

Mbele ya wageni! Ningekuwa karibu, ningemupiga kofi.

Muzee hakunijibu mimi. Alimujibu kaka yangu, kama desturi inavyotaka. "Kwetu maziwa haimwangwe chini, na imbwa haipewe. Aliyeiharibu njo anaimaliza, yote, mbele ya wenye ng'ombe. Hapo inakuwa imekwisha. Kama hapana, tunarudi na maneno yetu, na mutoto wenu mubaki naye."

Kijana akaruka, "Babu, nitaikula mimi."

"Uliiharibu wewe?"

Kijana akakaa. Niliangalia binti yangu. Hakuwa analia. Alikuwa anaangalia mulango, kama mutu aliyekwisha kuhesabu kwamba kila kitu imepotea. Hiyo njo ilinishinda. Angelia, labda ningekuwa mugumu zaidi.

"Leteni bakuli," nikasema.

Wakaleta, na kila sahani ambayo haikuisha wakamwanga ndani, hata ile ya mu kiganja ya muzee, aliipangusa ku ukingo wa bakuli na kidole. Nikachukua kijiko ya supu. Mara ya kwanza, ya pili, nilisikia sukari tu. Nikafikiri, wanafiki hawa. Lakini kreme ilikuwa inayeyuka, na kitu ikipata joto inasema kweli yake. Kwa kijiko ya sita samaki ikafika. Haikuwa samaki ya kupika. Ile ya maji ya kijivu, ya chini ya ndobo, ya kitambaa, ya kidole ya yule askari. Ilipanda mu pua kwa ndani, ikakaa nyuma ya macho. Mayai inanibandika ku ulimi, kakao inakuna koo kama vumbi, na mafuta ya maziwa inakaa ku midomo, haitoki hata nikipangusa.

Na nilipoisikia, nikajua kitu kingine. Ku kanisa watu walikuwa wananiachia benchi karibu nzima. Miaka mingi nilifikiri ni heshima: maman mwenye nyumba ya matofali anaingia, watu wanajisogeza. Binti yangu, alipokuwa ku shule, alikuwa anapeleka uniforme yake kufulia kwa jirani, anasema maji yao iko nzuri. Nilimuamini. Ile harufu ilikuwa mu nywele yangu, mu shuka, mu mukate tunakula asubuhi, na mimi peke yangu mu muji nzima sikuisikia. Nilijichukia kupita ile bakuli. Lakini sikuacha kula.

Binti yangu akavuta kiti karibu, akachukua kijiko. "Nami nilikoroga, maman."

"Toa kijiko hapa."

"Maman..."

"Toa. Wewe uliniambia. Mimi njo nilikataa. Uliniambia kweli."

Nilisema kwa sauti, wasikie wote. Sijawahi kumuambia mutu maneno kama ile, mbele ya ile siku wala nyuma yake. Muzee aligonga fimbo yake chini mara moja, sijui kwa nini. Yule mama wa université alikuwa amefunika pua na mukono, anajifanya anafikiri.

Chini ya bakuli ilikuwa maji tu sasa, ya joto, rangi ya mufereji. Nikaiinua kwa mikono mbili, nikakunywa. Nikageuza bakuli, niwaonyeshe.

Muzee akaangalia ndani, akaangalia tena. Akamuambia kaka yangu, "Tuendelee na maneno ya watoto." Kisha, akiinuka kwenda, akanisogelea mimi mwenyewe, mara ya kwanza. "Maman, mutoto tunamuchukua. Lakini siku ya ndoa, chakula itapikwa kwetu."

"Na ng'ombe yenu ikanyie ku sahani ya wageni?" nikajibu.

Alicheka mupaka akashika mulango. Meno yake ilikuwa tatu.

Walipotoka, nilishika ukuta. Binti yangu alikimbia na ndobo. "Tapika, maman, tapika, wamekwenda. Hakuna mutu anaona."

Niliikataa ile ndobo. Nililala chini ku simenti ya baridi, jasho inanitoka, meno nimefunga, mupaka asubuhi, na siku iliyofuata, na nyingine. Mimi siamini mambo ya ng'ombe na samaki. Ni maneno ya watu wa mulimani. Lakini mutoto wangu alikuwa anakwenda kuolewa mu nyumba ya ile ng'ombe moja, na maziwa niliambiwa nimalize, isimwangwe chini.

Sikutapika.