Vichupa vya Dirishani

Ukungu ulikuwa umeimeza hospitali yote, kwa hiyo nilisikia kabla ya kuona: kioo kikigonga kioo, polepole, ting, ting. Nilipoufikia mlango wa maabara ndipo nikamwona mpimaji mkuu, mzee wa Rangwi aliyenifundisha kazi, akipanga vichupa vya rangi dirishani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Damu ya shangazi yako imeletwa. Usimwage hata tone, hiyo si togwa."

Tangu masika shangazi alikuwa wodini, akinyweshwa bromaidi ya kutuliza akili. Badala ya kutulia, alipepesuka na maneno yakamchanganyikia. Daktari Mwingereza alitaka kujua: dawa haitoshi, au imezidi? Kama haitoshi, angeongezewa na kupelekwa hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili, mbali na milima yetu. Kwetu Malindi, hii ya milimani na si ile ya pwani, hatukumjua mtu aliyerudi kutoka huko.

Tulipima kwa dhahabu. Maji ya dhahabu yakitiwa kwenye maji ya damu yenye bromaidi, hugeuka kahawia. Kisha unaifananisha kahawia hiyo na vichupa vya mfano, kuanzia hafifu, yaani bromaidi kidogo, hadi nzito, yaani nyingi. Ya shangazi ikafanana na hafifu.

"Dawa ni kidogo," nilisema.

"Hebu tujaribu kwa matone."

Njia hiyo ilikuwa ndefu: unadondosha tone moja moja mpaka rangi ya buluu itoweke, na bromaidi ikiwa nyingi, matone huwa mengi. Buluu ile ikang'ang'ania kama ukungu wa bondeni. Ilipokuja kutoweka, jibu lilikuwa kwamba dawa imezidi mno.

Damu moja, majibu mawili. Mzee akageukia dirisha, akakinyanyua kichupa kimoja cha mfano.

Sisi watu wa baridi, jua likichungulia tu, tunalipelekea kila kitu: nguo, maharage, watoto wachanga. Vichupa vya mfano navyo tulikuwa tumeviweka pale dirishani, na jua likaikoleza kahawia yake siku hadi siku. Mbele yake damu yoyote ingeonekana hafifu.

"Tumevianika kama maharage," mzee akasema.

Akatengeneza vingine, akavifungia kabatini. Safari hii dhahabu na matone vikakubaliana: dawa imezidi.

Daktari akasimamisha dawa, akaagiza shangazi apewe chumvi kwa wingi, kwani chumvi huisukuma bromaidi itoke mwilini.

"Mwanangu, mnanitibu au mnanikausha kama samaki?" aliniuliza asubuhi moja, na maneno yake yalikuwa yamenyooka yote. Nilicheka hadi nikageuza uso.

Siku ya kurudi nyumbani, nilipokwisha kumsimulia kisa cha vichupa, alijifunga kanga mwenyewe.

"Kaa na vichupa vyako gizani," alisema. "Mimi nafuata jua."

Akatoka, na mlango wa wodi ukajifunga nyuma yake.