Kunyoosha Nywele kwenye Balkoni

Saluni niliyofanyia kazi mtaani Kilimani ilikuwa chumba kimoja, na madirisha yalifungwa kwa sababu ya vumbi la ujenzi wa jirani. Nywele zilizopakwa dawa ya kunyoosha zilipopigwa pasi, moshi wa dawa hiyo uliwasha macho. Mwenzangu, aliyetoka Kinoo, alikohoa kila siku.

"Madam, hii dawa inanifunga kifua," alimwambia mwenye saluni.

"Si uvae maski," akajibiwa. Maski yenyewe ilikuwa ya kitambaa tu.

Siku moja mteja alishikwa na kikohozi kazi ikiwa nusu. Akakimbilia balkoni, nywele za upande mmoja zimenyooka, za upande wa pili bado.

"Nimalizieni hapa hapa," alisema. "Huko ndani sirudi."

Tukamtolea kiti. Watu wa ghorofa ya mbele walimtazama, naye hakuwajali. Madam alisimama mlangoni, akaona moshi ukipeperuka na mwenzangu akifanya kazi bila kukohoa.

Kesho yake Madam alihamishia dawa na pasi balkoni. Tangu hapo, mvua iliponyesha, wateja wa kunyoosha waliambiwa warudi siku nyingine. Wengine walikasirika, wakahamia saluni nyingine.