Samaki wa Mama Yake

Samaki wakavu wa Kinkondja wakifika sokoni, harufu yao hunirudisha kwenye msiba wa mama yake baba. Yeye na baba walikuwa wamekosana, akafa hawajapatana.

Kwetu, anayebeba jina la marehemu ndiye marehemu mwenyewe. Wenye jina la bibi tulikuwa watatu: mkunga aliyezalisha mtaa mzima, mama mmoja aliyejulikana kwa biashara ya samaki, na mimi mtoto. Tulikaa kwenye mkeka mmoja. Baba akapiga magoti mbele yetu na sahani ya samaki.

“Mama, unisamehe.”

Mkunga akanigusa bega. “Jibu weye. Weye njo ulikuwa unalala na bibi yako.”

Nikamlisha baba kipande, nikasema kama bibi alivyozoea kusema:

“Kula, mutoto wangu. Uchunge miiba.”

Ndipo baba akalia, samaki bado mdomoni.