Swali Lililokataa Kukaa na Wenzake

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikisikia mtu anasema ana mgeni wa kumkarimu. Nilikuwa msichana, hapa Dodoma, miaka ile biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi na kila mwenye kiwanja Makole akawa anajenga nyumba ya kulala wageni. Mimi na Yusta tulisomea uendeshaji wa hoteli. Mwalimu wetu, Mama Mlewa, alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na namna mpya ya utafiti, modeli ya milinganyo ya kimuundo.

Usiogope jina. Kuridhika kwa mgeni hakuonekani, basi unakuchora kama yai. Maswali unayoweza kumuuliza unayachora kama visanduku. Kisha unaweka mishale kuonyesha kipi kinaathiri kipi, na kompyuta inakuambia kama mchoro wako unapatana na majibu ya watu.

Yusta alipewa mchoro na kompyuta. Mimi nilipewa madodoso nizunguke nayo Makole mpaka Kizota. Yeye feni, mimi vumbi. Na ilijulikana kwamba mchoro ukikubali, mchoraji atabaki chuoni kuwa mwalimu msaidizi. Nafasi hiyo niliitaka mno, hata kanisani tulipoambiwa tuombeane, jina la Yusta nilishindwa kulitaja.

Mchoro ukakataa. Swali moja, "Nilikarimiwa vizuri", halikukaa na wenzake. Wageni walioridhika na kila kitu walijibu kwamba hawakukarimiwa kabisa.

"Nitaongeza mshale hapa," Yusta akasema. "Na hapa. Mpaka ikubali."

Mimi nilijua tatizo. Kule Kizota, mzee mmoja wa Kibakwe aliyekuja kufuatilia pensheni yake alikuwa amenicheka. "Binti, nikarimiwe wapi? Kitanda nimelipa, chai nimelipa. Kukarimiwa ni kwa shemeji yangu, nakula, na kuku naondoka naye." Kwetu chuoni ukarimu ulikuwa jina la biashara. Kwake ulikuwa kitu kisicholipiwa.

Badala ya kumwambia Yusta, nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

"Neema," Mama Mlewa akaniita kutoka mezani kwake, "kandambili zina kamba?"

"Hapana, Mwalimu."

"Sasa sikia. Wivu nao hauonekani, kama kuridhika. Lakini visanduku vyake ninavyo. Mwenzako akisifiwa, unakohoa. Akikwama, uso unang'aa. Akitafuta jibu, una kamba za kufunga. Nikuchoree?"

Yusta alicheka, kisha akanitazama vizuri. "Kuna kitu unakijua, shoga?"

Nilijua pia kwamba nikikisema, nafasi inakwenda. Nikakisema.

Yusta akafuta ile mishale ya kubahatisha. Swali likawa "Nilipokewa vizuri", tukazunguka nalo upya pamoja, naye akala vumbi kama mimi. Safari hii mchoro ukakubali. Siku alipotangazwa nilipiga makofi, na Mungu anajua jinsi mikono ilivyokuwa mizito. Mimi nikaenda kufanya kazi ya mapokezi mpaka nikazeeka, na kwa riziki hiyo namshukuru Mungu. Lakini hata leo Yusta akija kunisalimia, na wanafunzi wake wakimbebea mkoba, lile yai la wivu hugeuka ndani yangu. Akiondoka namwombea, kwa jina.

Sasa wewe unaandika utafiti wako, mwanangu. Usiongeze mshale ili kompyuta ikufurahishe. Uwe na sababu yake kabla hujaiwasha. Kabla ya kuuliza swali, kaa na atakayelijibu, umsikie neno lako analielewaje. Na ukijua kitu anachokitafuta yule unayemwonea wivu, mwambie siku hiyohiyo, wivu ukiwa bado umo. Usisubiri uishe kwanza. Mimi ningesubiri mpaka leo.

Mungu akupe sikio la kusikia wanaojibu na ulimi wa kusema unachokijua. Na siku atakapotangazwa mwenzako, akupunguzie uzito wa mikono. Amina.