Paka wa Zinga Aliyepanda Ndege

Mwezi uliopita nilikuwa Bagamoyo kwenye harusi ya binamu yangu. Hata sahani ya pilau sijapewa, mama mmoja wa makamo akanishika mkono, akanitazama usoni, akasema kwa sauti ya kusikika na wote waliokaa jamvini: "Wewe si ndiye yule wa paka? Mliompandisha paka ndege kwenda Ulaya?" Wakaangua kicheko. Kicheko hicho nimekijua tangu utotoni. Zamani kilinichoma, nikawa natazama chini. Siku hizi sitazami chini. "Ndiye mimi, mama," nikamjibu. "Na ningempandisha tena." Kisha nikala pilau yangu, tena nikaongeza. Lakini wewe nitakusimulia yote, maana hao wanaocheka wanajua kipande tu cha habari, kile kinachochekesha.

Nililelewa Zinga, si mbali na Bagamoyo mjini, na bibi mzaa mama. Mama yangu alikuwa muuguzi, akapata kazi Uholanzi nikiwa sijaanza shule, akaniacha kwa bibi kwa ahadi kwamba akishatulia atanichukua. Kutulia kwenyewe kukawa kurefu. Mimi sikulia sana, maana mtoto aliyelelewa na bibi yule hakuwa na nafasi ya kulia. Asubuhi niliamshwa na ufagio wake ukikwaruza uwanja, na harufu ya moshi wa makumbi kutoka jiko la makuti. Chai ya rangi ilikuwa tayari, na muhogo wa kuchemsha, au kiporo cha wali kilichotiwa tui kikapashwa mpaka kikakauka pembeni. Aliniita mke mwenzake, kwa utani ule wa mabibi wa pwani, na nikichelewa kutoka kitandani angesimama mlangoni na kusema, "Haya, mke mwenzangu, bwana wetu kafa zamani, unamsubiri nani?"

Kazi yangu ya jioni ilikuwa kukuna nazi. Nilikaa juu ya mbuzi, sinia chini, na paka akaja kukaa mbele yangu kama mtu aliyealikwa. Chembe ya nazi ikiruka nje ya sinia aliidaka kwa ulimi. Sijaona tena paka mpenda nazi kama yule.

Alikuja kwetu ndani ya tenga la samaki. Muuza samaki alikuwa akipita na baiskeli, bibi akamsimamisha, na alipokuwa akichagua vibua akashika kitu chenye manyoya. Kilikuwa kipaka kidogo, cha kijivu chenye mistari, kimeshiba mpaka hakiwezi kusimama. Muuza samaki alikasirika, akakinyanyua kwa shingo akitaka kukitupa kichakani. Bibi akakinyang'anya. Tulikiosha kwa sabuni ya mche mara nyingi, lakini harufu ya samaki haikutoka wiki nzima, ndipo bibi akampa jina: Shombo.

Basi siku moja mjomba wangu, kaka yake mama, akaja kutoka Dar na pikapu yake, na simu yenye sauti ya kusikika hadi kwa jirani. Mama alikuwa kwenye laini. Vibali vyetu vimetoka, mimi na bibi. Tunaondoka wote, tutaishi naye, bibi atatibiwa magoti yake, mimi nitasoma huko. Mjomba alikuwa akicheka kwa furaha. Mimi niliruka ruka uwanjani mpaka kanga ikanidondoka. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema alhamdulillahi, kisha akauliza, "Na Shombo?"

Mama alidhani ni mzaha. "Mama, huku paka wamejaa. Nitakutafutia mwingine, mzuri, mwenye manyoya marefu."

"Sijakuuliza kuhusu paka. Nimekuuliza kuhusu Shombo."

"Si abaki kwa jirani?"

Bibi aliondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Mwanangu, wewe uliniachia mtoto wako, nikakaa naye. Sikukulaumu, na sikulaumu leo. Ila mimi sitamwachia mtu kiumbe nilichokilea. Kama Shombo haendi, siendi."

Mjomba aliacha kucheka.

Ili ujue bibi alikuwa anasema nini, lazima nikwambie jambo ambalo sote nyumbani tulilijua na hakuna aliyelizungumza. Bibi alizaliwa Fukayosi, bara ya Bagamoyo. Alipokuwa binti mdogo wazazi wake walihamia pwani kutafuta maisha, wakamwacha kwa shangazi yake. Walimwambia watamrudia baada ya mavuno. Mavuno yakapita, na mengine yakapita. Alipokuja kuwaona tena alikuwa mwari tayari, amekuja mwenyewe, na wadogo zake waliozaliwa huku walimsimamisha mlangoni wakamuuliza jina lake na anamtafuta nani. Alinisimulia mara moja tu, tukichambua mchele, wala hakuinua macho.

Habari zikaenea Zinga mpaka Kerege. Watu walikuja kutuamkia huku wakibana vicheko. Paka ana pasipoti? Atakaa dirishani? Shuleni wenzangu walilia nyau nilipoingia darasani. Jirani yetu wa upande wa msikitini, mwanamke mwema aliyekula nasi futari kila Ramadhani, yeye hakucheka. Alikuja jioni, akakaa kwenye kibao jikoni, akasema kwa uchungu, "Dada, sisi watoto wetu wamemaliza shule, wamekaa tu. Hakuna anayewatafutia Ulaya. Na wewe unampeleka paka. Watu watasemaje?"

Bibi aliweka mwiko chini. "Najua inauma. Mwanao ningekuwa na uwezo ningemchukua mgongoni. Lakini nikimwacha huyu, mwanao atapata nini? Kuna nafasi yake kwenye kapu la paka?"

Bibi akampakulia jirani kisamvu, naye akala.

Mjomba akaenda kuuliza kwa daktari wa mifugo mjini Dar. Alirudi amechoka. Paka anatakiwa kuchomwa kidude kidogo kama punje ya mchele chini ya ngozi ya shingo, cha kumtambulisha. Kisha achanjwe kichaa cha mbwa. Kisha atolewe damu, ipelekwe kupimwa nje ya nchi, na matokeo yakiwa mazuri bado atasubiri miezi kabla ya kuruhusiwa kuingia kule. Mjomba alidhani hapo bibi atakata tamaa. Bibi akauliza, "Tunaanza lini?"

Tulikwenda sote na pikapu, Shombo ndani ya tenga la kuku, akilalamika njia nzima kama mzee aliyenyimwa kahawa. Daktari alipomchoma sindano ya damu, bibi alimshika masikio mwenyewe na kumnong'oneza. Shombo alimkwaruza daktari, hakumkwaruza bibi.

Sasa ndipo lilipokuja jambo gumu. Safari yetu ilikuwa imepangwa kabla ya masika, na ule muda wa paka kusubiri ulivuka masika yote. Mama alipiga simu akilia. Alikuwa amepaka rangi chumba changu. Alisema njooni kwanza, paka tutaona. Bibi alisema hapana. Mjomba akapandisha sauti mbele ya mama yake, jambo ambalo sikuwahi kulisikia: "Mama, unamnyima mtoto mama yake kwa ajili ya paka!"

Bibi alinigeukia mimi. "Mke mwenzangu, mjomba wako amesema kweli. Mama yako ni haki yako. Ukitaka, tangulia, mjomba atakupeleka mpaka ndani ya ndege. Sitakuwekea kinyongo. Mimi nitakuja na Shombo mvua zikiisha."

Nilimtaka mama yangu. Nataka uelewe hivyo. Nilikuwa nimeanza kuisahau sura yake, nikaijua kwa picha iliyobandikwa kwenye kabati. Nilitoka nje nikakaa ukutani. Shombo akaja akajisugua miguuni mwangu, na nilimsukuma, maana nilimchukia saa ile. Akarudi. Nikamsukuma tena, akarudi, akakaa juu ya mguu wangu kana kwamba ni jiwe lake. Nikawaza nitakavyofika kule, mama anikumbatie, aniulize bibi yuko wapi, nami niseme nimemwacha. Nilirudi ndani nikasema, "Nabaki. Tutakwenda wote." Mjomba alichukua funguo zake akaondoka bila kuaga. Bibi alinipa nusu ya nazi nikaendelee kukuna.

Masika ile ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Mvua ilipiga bati mpaka hatukusikiana, tukaishi kwa ishara. Tulichoma magimbi, tulianika nguo ndani juu ya jiko, zikanuka moshi. Mjomba, hasira zilipomwisha, alituletea kizimba cha plastiki chenye mlango wa waya, alichopewa na mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Kazi yangu ikawa kumzoesha. Niliweka ndani kichwa cha samaki changu kila siku, mlango wazi. Mwanzo Shombo alikichomoa kichwa na kukimbia nacho. Kisha akawa anakula humo humo. Kisha akawa analala humo, na kuku akisogea karibu anamfokea kama mwenye nyumba.

Siku ya safari nusu ya Zinga ilikuja kutuaga, na nusu ya waliokuja walikuja kumwona paka. Jirani yetu alileta mkate wa kumimina wa njiani, na kipande cha samaki mkavu kimefungwa kwenye karatasi. "Cha huyo bwana wenu," alisema, akaangalia pembeni.

Kwenye uwanja wa ndege kijana wa ukaguzi alikisimamisha kizimba. Alisema kinapita kwenye mashine peke yake, paka atolewe abebwe. Watu wamejaa, milango inafunguka, magurudumu yanapiga kelele, na Shombo hajawahi kuona hata ngazi. Bibi alivua kanga ya pili begani, akamtoa, akamfunga kama anavyofungwa mtoto wa siku saba, kichwa tu nje, akamkumbatia kifuani.

Yule kijana alitabasamu. "Bibi, shikamoo. Kwani huko uendako hakuna paka?"

"Marahaba, mwanangu. Wewe una bibi?"

"Ninaye, yuko Lindi."

"Na hapa Dar mabibi wamejaa. Utamsahau yule wa Lindi?"

Kijana alicheka, kisha akaacha kucheka. Bibi akapita. Mashine ikalia kwa sababu ya bangili zake, akarudi, akanipa bangili, akapita tena na Shombo wake, mgongo umenyooka, magoti yale mabovu hata hayakuonekana. Nimewaona watu wakubwa wakitembea kwenye mazulia. Sijaona mwendo kama ule.

Tulifika. Mama alikuwa amesimama nyuma ya kizuizi, mdogo kuliko kwenye picha. Alinishika akashindwa kuniachia. Kisha akainama kwenye mlango wa waya, Shombo akamnusa vidole, na mama akasema, "Jamani. Ananuka jikoni kwetu." Akalia upya, hapo hapo chini, mbele za watu.

Bibi aliishi kule miaka mingi kuliko tulivyotegemea. Hakujifunza Kiholanzi zaidi ya salamu. Mchana mama kazini, mimi shuleni, alibaki na Shombo kwenye kiti cha karibu na dirisha, akiongea naye Kikwere, lugha ya kwao Fukayosi aliyokuwa haongei na sisi kwa sababu hatukuijua vizuri. Alimweleza theluji. Alimlalamikia baridi. Aliniambia wakati mmoja kwamba ule ndio muda wake wa kuwa mtu mzima, siku iliyobaki anakuwa mgonjwa wa watu.

Alipofariki tulimzika huko huko. Shombo alikataa kula. Tulimbembeleza kwa Kiswahili, kwa Kiholanzi, kwa samaki wa bei mbaya, akageuza uso. Asubuhi moja niliamka nikamkuta mama, yule yule aliyesema paka abaki kwa jirani, amepiga magoti sakafuni na sare yake ya kazini, anaokoteza maneno ya Kikwere aliyoyaacha utotoni. Aliyakosea, akayarudia. Shombo akanyanyua kichwa. Akala. Tangu hapo mama alimsemesha kila asubuhi, na lugha ikamrudia kidogo kidogo, mpaka paka naye alipokufa kwa uzee, na nyumbani kwetu hapakuwa tena na wa kuambiwa kitu kwa Kikwere.

Baada ya ile harusi nilichukua bodaboda mpaka Zinga. Nyumba haipo. Pamejengwa ukuta mrefu wenye geti la chuma, na ndani sikuruhusiwa kuingia. Jiko la makuti halipo, wala mnazi uliokuwa ukitupatia nazi zetu, wala ule uwanja uliokwaruzwa kila alfajiri. Jirani naye kafa. Nilisimama barabarani na jua la saa saba kichwani, nikajaribu kukumbuka bomba la maji lilikuwa upande gani, nikashindwa. Vyote hivyo tuliviacha kwa kuwa havikubebeka. Shombo alibebeka, tukambeba.